Barua kutoka Ugiriki: Talaiporos, Neno la Wenye Mizigo

Kaka mpendwa,

Jua la Agosti la Athens halina huruma. Kuna siku walinzi huifunga Akropoli saa za mchana ili wageni wasizimie njiani. Nimejifunza mwendo wa wenyeji: kutoka alfajiri, kula koulouri, ule mkate wa duara wenye ufuta unaouzwa kila pembe, kutembea mpaka saa tano, kisha kujifungia ndani hadi jua lipoe. Ndizo saa ninazokuandikia.

Uliniagiza nikutafutie habari za kivumishi kimoja tu, talaiporos, yaani mwenye taabu, kwa sababu unajiandaa kuhubiri Warumi na sura ya saba imekukalia kooni. Agizo lako limenitembeza kuliko kitabu chochote cha wageni. Neno hili nimelikuta katika ukumbi wa maigizo, nimelifuata machimboni, nimelisoma Korintho, na mwisho nimelisikia kwa masikio yangu bandarini. Nitakusimulia kwa mpangilio huo, ila kwanza sarufi, maana najua hutaniachia. Bado nakukumbuka likizo zile ulizokuwa ukirudi kutoka chuo cha Makumira na kukariri viambishi vya Kiyunani barazani huku sisi tukichambua mchele.

Kivumishi cha Kiyunani hubadilika mwishoni, kama chetu kinavyobadilika mwanzoni. Sisi husema mtu mzito, watu wazito, mizigo mizito. Wao husema talaiporos kwa mmoja, talaiporoi kwa wengi, talaiporou wakitaka kusema “wa mwenye taabu”, na talaipore wakimwita mtu. Hiki kina tabia ya pekee kwa sababu ni kivumishi ambatani, na vivumishi ambatani vya Kiyunani cha kale kwa kawaida havina umbo la kike. Mwanamume ni talaiporos, mwanamke naye ni talaiporos. Umbo lisilo la kiume wala la kike ndilo peke yake lenye mwisho tofauti, talaiporon. Ukilinganisha, unapata talaiporoteros, mwenye taabu zaidi, na talaiporotatos, mwenye taabu kuliko wote. Nomino yake ni talaiporia na kitenzi chake talaiporeo.

Sehemu ya pili ya neno hili wataalamu hawajakubaliana asili yake. Ya kwanza haina ubishi mkubwa: inatoka katika mzizi wenye maana ya kubeba, kuinua, kustahimili. Humo ndimo limetoka jina la sifa la Odysseus, polytlas, aliyestahimili mengi. Humo pia limetoka neno unalolijua vizuri: talanton, mizani, kisha uzito unaopimwa kwenye mizani, kisha fedha yenye uzito huo, ambayo kwa Waathene ilikuwa kama kilo 26. Injili ya Mathayo sura ya 25 ndiyo iliyotuletea talanta, na leo hata mtangazaji wa mpira anasema kijana fulani ana talanta. Kwa hiyo, kaka, mwenye talanta na mwenye taabu ni watu wa ukoo mmoja. Wote wawili wamebebeshwa kitu.

Sasa twende safari.

Siku za kwanza nilishuka upande wa kusini wa Akropoli, kwenye ukumbi wa maigizo wa Dionysos. Viti vya mbele ni vya marmari, vimechongwa kwa ajili ya makuhani na wakubwa, na katikati yao kipo cha kuhani wa Dionysos mwenyewe. Wananchi wa kawaida walikaa juu, mlimani, kwa maelfu. Ukikaa huko juu unaelewa kwa nini tanzia za Waathene zilijaa maneno ya taabu: watu walikusanyika hadharani, mchana kweupe, kutazama mateso ya mwenzao na kumlilia. Katika igizo la Prometheus aliyefungwa, linalohesabiwa kuwa la Aeschylus, Prometheus anaeleza kwamba Zeus alipotwaa ufalme hakuwajali wanadamu hata kidogo, akataka kuwaangamiza. Hapo anawaita wanadamu kwa kivumishi chako. Anayesema ameningʼinizwa kwenye mwamba kwa sababu aliwahurumia. Neno hilo kinywani mwake limejaa upendo. Anawaona wanadamu wanavyolemewa na anaona wanastahili kusaidiwa.

Kutoka Athens nilipanda basi la rangi ya machungwa kwenda Lavrio, mji wa pwani ulio umbali wa kilomita 60 hivi kusini-mashariki. Mabasi huanzia karibu na bustani ya Pedion tou Areos. Wahi mapema upate kiti cha upande wa kivuli. Lavrio ina samaki wazuri, na meli nyeupe zimejipanga bandarini. Lakini mimi nilifuata vilima vilivyo nyuma ya mji, kwenye bonde la Soureza, ambako machimbo ya fedha ya Waathene bado yapo wazi. Utaona matangi ya kukingia maji ya mvua, kwa kuwa kule hakuna mito, na sakafu za mawe walikooshea mchanga wa madini. Halafu utaona midomo ya mashimo. Njia nyingi za chini hazifiki hata mita moja kwenda juu. Watu walitambaa humo na taa za mafuta, wakapasua mwamba kwa nyundo na patasi.

Watu hao walikuwa watumwa. Mwandishi wa kale Xenophon anaandika kwamba Nicias, tajiri na jemadari wa Athens, aliwakodisha watumwa 1,000 wa machimboni, kila mmoja kwa oboli moja kwa siku. Nilikaa kwenye kivuli cha mzeituni nikapiga hesabu: drakma moja ni oboli sita, talanta moja ni drakma 6,000, basi kila baada ya siku 36 mtu mmoja aliyekaa nyumbani kwake alipokea talanta nzima ya fedha. Mwaka 413 kabla ya Kristo, Wasparta walipoweka ngome Dekeleia, mwanahistoria Thucydides anasema zaidi ya watumwa 20,000 walitoroka Attica, mkoa wa Athens. Anayetazama mashimo yale haulizi kwa nini.

Miaka 70 kabla ya hapo, mwaka 483, machimbo haya yalitoa fedha nyingi ghafla. Waathene walitaka kugawana, kila raia drakma kumi, lakini kiongozi wao Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita. Ndizo zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480. Kila merikebu ya safu tatu ilihitaji wapiga makasia 170 hivi, na wengi wao walikuwa raia maskini wa Athens. Fikiri: fedha ilitolewa na waliotambaa gizani, ushindi ukaletwa na waliovuta makasia.

Nakusimulia haya yote kwa sababu ya neno la pili, ambalo limenishika kuliko nilivyotarajia. Unalijua: poneros. Katika sala aliyotufundisha Bwana ndilo linalosimama mahali pa “mwovu”. Lakini limezaliwa na ponos, kazi ngumu, jasho. Maana yake ya awali ni mwenye kazi nyingi, aliyechoshwa na shida. Katika mabaki ya shairi la kale linalohusishwa na Hesiod, Herakle anaitwa kwa umbo la juu kabisa la neno hilo, ponerotatos, na papo hapo anaitwa bora kuliko wote. Ilikuwa heshima. Baadaye likateremka: mwenye shida, kisha hafifu, kisha mtu mbaya, kisha mwovu. Wanasarufi wa kale walijaribu kutenganisha maana kwa mkazo: ukikaza mwanzo, póneros, unasema mwenye taabu, ukikaza mwisho, ponerós, unasema mwovu. Ndugu yake mochtheros, aliyezaliwa na mochthos, neno jingine la kazi ngumu, alipita njia hiyo hiyo.

Nani aliliteremsha? Kipo kijitabu cha karne ya tano kabla ya Kristo juu ya utawala wa Waathene, kilichohifadhiwa pamoja na maandiko ya Xenophon ingawa si chake. Mwandishi wake ni mtu wa tabaka la juu asiyependa demokrasia. Watu wa tabaka lake anawaita wema, na watu wa kawaida anawaita poneroi. Na mtu huyo huyo anakiri wazi kwamba hao wa kawaida ndio wanaoendesha merikebu na kuipa Athens nguvu zake! Anakula matunda ya kazi yao na kuwatukana kwa jina la kazi hiyo. Siwezi kusema mwandishi mmoja alibadilisha maana ya neno, lakini kijitabu chake kinaonyesha midomo ambamo lilikuwa likibadilika.

Talaiporos halikuteremka hivyo. Hapa ndipo nakuomba utulie na kikombe chako cha chai, maana ndiyo habari kubwa ya barua hii.

Mwanahistoria Herodotus ana kisa cha mwaka 494, kabla ya vita vya baharini vya Lade, kisiwa kilichokuwa karibu na Mileto. Wagiriki wa Ionia walikuwa wamewaasi Waajemi. Dionysius wa Phocaea aliwaambia kwamba wakikubali talaiporia kwa muda, wataweza kubaki huru. Wakakubali. Kwa siku saba aliwafanyisha mazoezi ya makasia tangu asubuhi, na hata baada ya mazoezi hawakuruhusiwa kushuka merikebuni. Siku ya nane wakagoma. Walikuwa hawajazoea, jua na uchovu vimewamaliza, wakapiga mahema kisiwani na kukaa kivulini. Vita vikaja, wengine wakakimbia, wakashindwa, na Mileto ikaanguka. Katika kisa hicho taabu ni kitu ambacho mtu huru anaombwa akikubali, akibebe, kwa sababu upande wa pili wake kuna uhuru.

Thucydides anakwenda mbali zaidi. Analalamika kwamba watu wengi hutafuta ukweli bila kujisumbua, hudaka lolote lililo karibu, na kwa kusema “bila kujisumbua” anatumia umbo la kukanusha la neno letu, atalaiporos. Kwa Thucydides, basi, kukosa taabu ni aibu ya mtafutaji. Nao waandishi wa vitabu vya tiba vilivyopewa jina la Hippocrates hutumia talaiporia kwa kazi ya nguvu inayoutumikisha mwili. Sisemi neno halikuwa na huzuni. Lilikuwa nayo tele, na katika tanzia ni kilio. Ila huzuni yake inamtazama aliyelemewa kwa heshima, na haijageuka tusi la kumwita mwovu.

Nikiwa na hayo kichwani nilipanda treni kwenda Korintho. Njiani unavuka mfereji uliokatwa kwenye mwamba, urefu wa kilomita 6 na kidogo, uliofunguliwa mwaka 1893. Kaizari Nero alijaribu kuuchimba mwaka 67 baada ya Kristo, na mwanahistoria Josephus anaandika kwamba jemadari Vespasian alimpelekea vijana 6,000 waliotekwa Galilaya ili wafanye kazi hiyo. Nero akafa mwaka uliofuata na kazi ikaachwa. Vijana wa Galilaya, kaka, kwenye mwamba wa Korintho, miaka kama kumi tu baada ya Paulo kuandika Warumi.

Maana wasomi wengi wanakubali kwamba Warumi iliandikwa Korintho, karibu mwaka 57. Korintho ya kale iko kilomita chache kutoka mji mpya. Chukua teksi, jua lisikuonee. Nguzo saba za hekalu la Apollo bado zimesimama, na juu yake mlima wa Akrokorintho umeinuka mita 575. Kwenye uwanja wa soko kuna jukwaa la mawe linalotambulishwa kuwa mahali Paulo aliposimamishwa mbele ya liwali Galio. Karibu na ukumbi wa maigizo kuna sakafu yenye maandishi ya Kilatini yanayomtaja Erasto, ofisa wa mji aliyeilipia. Kama ndiye Erasto wa Warumi 16 au ni mwingine, wataalamu wanabishana. Nilisimama hapo nikawaza juu ya Tertio akiandika, Paulo akisema, na Fibi wa Kenkrea, bandari ya jirani, akijiandaa kwa safari.

Katika Agano Jipya lote kivumishi talaiporos kinatokea mara mbili tu. Kwanza ni Warumi 7:24. Paulo ameeleza habari ya mtu anayetaka jema na kujikuta ametenda baya, kisha analia na kujiita talaiporos. Neno poneros alikuwa nalo, lilikuwa la kila siku. Ubaya ameshautaja waziwazi mistari michache juu, hakuficha kitu. Lakini anapofika kumtaja mtu mwenyewe, anachagua neno la aliyelemewa. Tendo ameliita baya. Mtu amemwita mwenye mzigo, na swali linalofuata ni nani atakayemtua.

Mara ya pili ni Ufunuo 3:17, kwa kanisa la Laodikia, watu waliojiona matajiri wasiohitaji kitu. Hapo ni karipio. Wamelemewa na hawajui. Biblia yetu ya Muungano imeweka “maskini” katika Warumi na “mnyonge” katika Ufunuo, na katika Ufunuo huo huo “maskini” limepewa kazi ya ptochos, ombaomba asiye na kitu. Msharika akisikia “maskini” anaweza kudhani Paulo analalamikia mfuko mtupu. Waeleze. Neno letu lina pande mbili: lipo la mtu asiye na mali, na lipo lile linalotutoka tukimwona mtu ameumia, kabla hata hatujajua jina lake. Wafasiri walishika la pili, nami nadhani walishika vizuri.

Tahadhari moja, maana najua utavutiwa. Usipande mimbarani ukasema kwamba Paulo alikuwa akiwaza mzizi wa kubeba. Anayesema talanta leo hawazi mizani ya Athens. Jenga hoja yako juu ya namna watu walivyolitumia neno, kama Herodotus na Thucydides, nawe utasimama imara.

Mwisho, bandarini. Nilikwenda Rafina, mashariki ya Athens, nipande meli ya kwenda Tinos. Upepo wa kaskazini wanaouita meltemi ulikuwa umechachamaa, na mamlaka ya bandari ikazuia meli kutoka. Watu wamejaa na mizigo, watoto wanalia. Ndipo nikasikia, kushoto na kulia: taleporía! Ndiyo talaiporia yenyewe, kwa matamshi ya leo, na sasa ni neno la foleni, la ofisi za serikali, la safari iliyokwama. Mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi karibu nami akanieleza kwamba Kigiriki cha leo kimempa mwanamke umbo lake: mwanamume ni taléporos, mwanamke talépori, mtoto taléporo. Ponirós nalo lipo, sasa lina maana ya mjanja, na pónos ni maumivu tu, neno la kwenye duka la dawa.

Dirishani alikuwepo kijana wa tiketi, labda miaka 20, akipigiwa kelele kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta upepo. Bibi mmoja aliyevaa nyeusi, anayekwenda Tinos kuhiji kwa Bikira Maria, akajipenyeza mbele na chupa ya maji baridi. Akampa, akawageukia watu, akasema taléporo pedí, mtoto mwenye taabu zake. Kelele zikapungua. Mahujaji wa Tinos, kama hujui, wengi hupanda kutoka bandarini hadi kanisani kwa magoti. Bibi yule alijua uzito wa neno alilolitumia.

Kaka, usharika wako una wanaapolo wa Mererani. Wanashuka mashimoni kutafuta tanzanaiti ambayo wengi wao hawataivaa, na wakirudi mjini na vumbi lao wanaitwa wahuni. Jina hilo hutolewa na watu wanaoishi kwa fedha inayozunguka kutokana na jasho la wanaapolo hao. Umeona mwisho wa njia hiyo katika poneros: jamii inaanza kwa kudharau uchovu wa mtu na inaishia kumwita mwovu. Jumapili utakapofika Warumi 7, waalike kwa kuwataja, waketi viti vya mbele ambavyo huwa tunawawekea wageni rasmi. Uwaambie kwamba mtume mkubwa alipotafuta jina la kujiita mbele za Mungu, alichukua jina la mtu aliyelemewa na mzigo. Dhambi zao, kama zipo, utazitaja siku hiyo hiyo waziwazi, kama Paulo alivyotaja zake.

Nisalimie wifi, umwambie ufuta aliouagiza nimeupata. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama mwambie nakula vizuri na kofia naivaa. Ukishahubiri niandikie walivyopokea, hasa wale wa viti vya mbele.

Mdogo wako akupendaye.